Wasifu wa Louis Pasteur: Kutoka Pipa Lililoharibika hadi Gesi ya Haidrojeni

Mtahiniwa, kumbuka kwamba wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Usiuchanganye na tawasifu, ambayo mtu hujiandikia mwenyewe. Usomapo wasifu huu, zingatia mambo matatu: mpangilio wa matukio, sifa za mhusika pamoja na dosari zake, na uhusiano wa kazi yake na maisha ya leo. Ukimaliza, jibu maswali yaliyo mwishoni bila kurejelea kifungu, kisha ujisahihishe.

Utangulizi

Maziwa ya pakiti unayonunua dukani hupashwa moto kwanza ili vijidudu vife, kisha yakapozwa na kufungwa. Kazi hiyo huitwa upasteurishaji, kutokana na jina la mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur. Watahiniwa wengi humfahamu kwa maziwa na kwa chanjo. Wachache hujua kwamba ndiye aliyeonyesha kuwa kuna viumbe vinavyoishi pasipo hewa, na kwamba baadhi ya viumbe hivyo, vikipata sukari, hutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Siku hizi wanasayansi wanatafuta namna ya kupata fueli ya haidrojeni kwa kuchachusha sukari pamoja na samadi ya mifugo. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Pasteur, ingawa yeye mwenyewe hakuwa akitafuta fueli.

Kuzaliwa na masomo

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, aliwahi kuwa askari katika jeshi la Napoleon, kisha akawa mtengeneza ngozi. Familia ilihamia mji mdogo wa Arbois, na huko ndiko Louis alikokulia. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kutajwatajwa. Alichopenda zaidi ni kuchora, na baadhi ya picha alizochora za wazazi wake na majirani zimehifadhiwa hadi leo.

Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa Paris ili ajiandae kuingia vyuo vya juu. Upweke ulimzidi nguvu. Baada ya wiki chache baba yake alimfuata, akamrudisha nyumbani. Huo haukuwa mwisho wa safari yake. Aliendelea na masomo mji wa Besançon, karibu na kwao, na mwaka 1842 akafaulu mtihani wa sayansi huko Dijon. Hata hivyo, alama yake ya kemia ilikuwa ya wastani tu.

Mwaka huohuo alifanya mtihani wa kuingia École Normale Supérieure, chuo mashuhuri cha kuandaa walimu mjini Paris. Alifaulu, lakini jina lake lilikuwa chini katika orodha. Angeweza kujiunga na wenzake, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye hakuridhika. Alirudi kwenye vitabu mwaka mzima, akaufanya mtihani upya, na mwaka 1843 akaingia akiwa miongoni mwa waliotangulia. Tabia hii ya kutokubali jibu la nusunusu utaiona tena katika kazi zake zote.

Mwaka 1849, akiwa mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, alimwoa Marie Laurent. Bi Marie hakuwa mke wa kungoja nyumbani tu. Alimwandikia mumewe maelezo ya majaribio, akayajua vyema, na jioni wakayajadili pamoja.

Mwito kutoka kiwandani

Mwaka 1854 Pasteur aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Eneo hilo lilikuwa na viwanda vingi, vikiwemo vya kutengeneza alkoholi kutokana na bitiruti za sukari. Bitiruti hizo zilipondwa, maji yake matamu yakatiwa ndani ya mapipa makubwa, kisha yakaachwa yachache hadi sukari igeuke alkoholi.

Mwaka 1856 mwenye kiwanda mmoja, Bwana Bigo, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wa Pasteur, alimjia akiwa na shida. Baadhi ya mapipa yalikuwa yakiharibika. Badala ya alkoholi, yalitoa kitu kichungu chenye harufu mbaya, na mali ikawa inamwagwa. Pasteur angeweza kusema kwamba yeye ni mtu wa maabara na mambo ya mapipa hayamhusu. Badala yake alikwenda kiwandani mara kwa mara, akachota maji ya mapipa mazuri na ya mapipa mabaya, akayatazama kwa hadubini.

Katika mapipa mazuri aliona chembechembe za mviringo zilizokuwa zikichipua na kuongezeka. Hizo zilikuwa hamira. Katika mapipa mabaya aliona vitu vingine, vidogo zaidi na vyembamba kama vijiti, na maji yake yalikuwa na asidi ya laktiki, ile inayopatikana katika maziwa yaliyoganda.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo, jua kwamba wakati ule wanakemia wakubwa, akiwemo Justus von Liebig wa Ujerumani, walishikilia kuwa uchachukaji ni kuoza kwa kikemikali tu. Kwao, hamira ilikuwa kitu kinachooza na kuifanya sukari nayo ivunjike. Pasteur alifikia maoni tofauti: uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na kila aina ya uchachukaji ina kiumbe chake. Hamira huleta alkoholi, na kijidudu kingine huleta asidi. Mwaka 1857 aliwasilisha matokeo yake kuhusu asidi ya laktiki mbele ya wanasayansi wa Lille. Mwaka huohuo alihamia Paris kuongoza masomo ya sayansi katika chuo kilekile alichosomea.

Uhai bila hewa

Paris, Pasteur aliendelea kuchunguza uchachukaji wa aina nyingine, unaotoa asidi ya butiriki. Asidi hii ndiyo huipa siagi iliyooza harufu yake. Mwaka 1861 aliweka tone la maji yaliyokuwa yakichacha hivyo chini ya hadubini, akalifunika kwa kipande chembamba cha kioo. Aliona vijidudu kama vijiti vikienda huku na huku. Lakini kuna jambo lililomshangaza. Vile vilivyokuwa katikati ya tone vilichangamka, na vile vilivyokuwa pembeni, mahali tone linapogusa hewa, vilikuwa vimetulia tuli.

Kwa kawaida kiumbe kikikosa hewa hufa. Hapa mambo yalikuwa kinyume: hewa ndiyo iliyoviua. Pasteur hakukimbilia kutangaza. Alipitisha hewa ndani ya maji yaliyokuwa yakichacha, na uchachukaji ukasimama. Alipopitisha kaboni dioksaidi badala ya hewa, vijidudu havikudhurika. Ndipo alipotangaza kwamba kuna viumbe vinavyoishi bila oksijeni, na baadaye akavipa viumbe vya namna hiyo jina la kisayansi linalotumika mpaka leo. Bakteria wa aina aliyoiona wamo sasa katika kundi linaloitwa klostridia.

Sasa angalia kinachotoka kwenye uchachukaji huo. Kiumbe kinachopumua oksijeni huivunja sukari hadi mwisho, kikapata kaboni dioksaidi, maji na nguvu nyingi. Kiumbe kisicho na oksijeni huivunja nusunusu, na kinalazimika kutafuta mahali pa kuzipeleka elektroni zinazobaki. Klostridia huzipeleka kwenye chembe za haidrojeni, na gesi ya haidrojeni hutoka kama povu. Mlinganyo wake ni huu:

C₆H₁₂O₆ → C₄H₈O₂ + 2CO₂ + 2H₂

Yaani glukosi hugeuka kuwa asidi ya butiriki, kaboni dioksaidi na haidrojeni. Jaribu kukokotoa mwenyewe. Moli moja ya glukosi ina gramu 180. Hutoa moli 2 za haidrojeni, ambazo ni gramu 4. Katika joto la chumba, ambapo moli moja ya gesi huchukua lita 24, hizo ni lita 48 za gesi inayowaka. Kwa vitendo kiasi hicho hupungua, kwa sababu bakteria hutumia sehemu ya sukari kujijenga na kuongezeka.

Majonzi na kazi za baadaye

Usidhani kwamba miaka hiyo ilikuwa ya furaha tupu. Pasteur na Marie walijaliwa watoto watano, na watatu kati yao walifariki wangali wadogo. Jeanne alifariki mwaka 1859 kwa homa ya matumbo. Camille alifuata mwaka 1865, mwaka ambao Pasteur alimpoteza pia baba yake. Mwaka 1866 Cécile naye akafa kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 12. Mtu aliyekuwa akifundisha dunia kuhusu vijidudu hakuweza kuwaokoa watoto wake mwenyewe.

Oktoba 1868 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Alikuwa na miaka 45. Tangu hapo alihitaji mikono ya wasaidizi katika majaribio mengi, lakini hakuacha kazi. Zifuatazo ni kazi zake nyingine muhimu:

1. Alionyesha, kwa kutumia chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa, kwamba vijidudu havizuki vyenyewe katika mchuzi uliochemshwa. Vinaingia pamoja na vumbi la hewani.
2. Katika miaka ya 1860 aligundua kwamba mvinyo ukipashwa moto kwa kiasi hauharibiki. Njia hiyo ilikuja kutumiwa kwa maziwa.
3. Kuanzia mwaka 1865 alichunguza maradhi ya viwavi wa hariri yaliyokuwa yakiwafilisi wafugaji wa kusini mwa Ufaransa.
4. Mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort, alionyesha hadharani chanjo ya kimeta. Kondoo 24 walichanjwa na 24 hawakuchanjwa, kisha wote wakadungwa vijidudu vya kimeta. Tarehe 2 Juni karibu wote waliochanjwa walikuwa wazima, ilhali wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho.
5. Tarehe 6 Julai 1885 alisimamia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo alipona.

Mwaka 1888 Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa mjini Paris kwa michango ya watu wengi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Mwili wake umehifadhiwa katika jengo la taasisi hiyo.

Dosari zake

Wasifu mzuri hausifu tu. Pasteur alikuwa mkali katika mabishano na hakupenda kukiri kwamba mpinzani wake ana hoja. Mwaka 1897, miaka miwili baada ya kifo chake, Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake, akaona kwamba maji hayo yasiyo na seli hai yaliweza kuchachusha sukari. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Basi Pasteur alikuwa sahihi kwamba viumbe hai ndio chanzo, na Liebig naye hakukosea kabisa aliposema kuna kemia ndani yake.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Daftari zake za maabara, zilizofunguliwa kwa watafiti katika karne ya 20, zilionyesha kwamba chanjo ya Pouilly-le-Fort ilitengenezwa kwa njia ya kemikali ya msaidizi wake, Charles Chamberland. Pasteur aliwaacha watu waamini kwamba ilitengenezwa kwa njia yake mwenyewe ya kutumia oksijeni. Chanjo ilifanya kazi, lakini maelezo ya njia hayakuwa kamili. Uandikapo ripoti ya jaribio, andika njia uliyoitumia kweli, si ile ambayo ungependa uonekane umeitumia.

Urithi wake: sukari na samadi

Miaka ya 1880, mmoja wa wanafunzi wa Pasteur, Ulysse Gayon, alichachusha samadi mahali pasipo hewa, akapata gesi inayowaka. Huenda wewe umeiona gesi ya namna hiyo katika shule au boma lenye ng'ombe, ikipikia chakula. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani.

Swali ni hili: ikiwa klostridia hutoa haidrojeni, mbona tangi la samadi hutoa methani? Jibu ni kwamba ndani ya samadi mna viumbe vya aina nyingi vinavyofanya kazi kwa zamu. Vya kwanza huvunja nyasi na mabaki ya chakula kuwa sukari na vitu vingine rahisi. Vya pili hugeuza vitu hivyo kuwa asidi, kaboni dioksaidi na haidrojeni. Vya tatu huichukua haidrojeni ileile pamoja na kaboni dioksaidi, au asidi, vikatengeneza methani. Kwa hiyo haidrojeni hutokea kila siku ndani ya tangi, ila huliwa kabla haijatoka.

Ili kuipata haidrojeni yenyewe, wanasayansi huwaondoa walaji wake. Hatua zake ni hizi:

1. Samadi hupashwa moto mkali. Viumbe vinavyotengeneza methani hufa. Klostridia huokoka kwa sababu hujifunga ndani ya vijimbegu vigumu vinavyostahimili joto.
2. Samadi hiyo hutiwa ndani ya maji yenye sukari, kwa mfano mabaki ya kiwanda cha sukari. Samadi huleta bakteria, sukari huwa chakula chao.
3. Chombo hufungwa hewa isiingie, na huwekwa katika joto la kadiri ya nyuzi 35 za Selsiasi.
4. Maji huachwa yawe na asidi kidogo, pH ikikaribia 5.5, ili watengenezaji methani wasirudi kushamiri.

Gesi inayotoka ni mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni dioksaidi. Haidrojeni ikishatenganishwa na kuchomwa, hutoa maji tu, wala haina moshi wa kaboni. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Pamoja na hayo kuna kikwazo. Moli moja ya glukosi, kama ingevunjwa yote pamoja na maji, ingeweza kutoa moli 12 za haidrojeni. Uchachushaji wa gizani, hata ukienda vizuri kabisa, hautoi zaidi ya moli 4. Nguvu nyingine hubaki ndani ya asidi. Kwa sababu hiyo watafiti wengi huyapeleka maji hayo ya asidi kwenye tangi la pili yatoe methani, ili kisipotee kitu. Mpaka leo gharama ya njia hii huizuia kuenea kama ilivyoenea gesi ya samadi ya kawaida.

Tahadhari: Usijaribu kutengeneza gesi hii nyumbani ndani ya chupa iliyofungwa. Chupa inaweza kupasuka, na haidrojeni ikichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

- Usiandike kwamba Pasteur aligundua haidrojeni au fueli ya haidrojeni. Aligundua viumbe vinavyoishi bila hewa, na uchachukaji wa butiriki alioufanyia uchunguzi ndio unaotoa gesi hiyo.
- Usiandike kwamba samadi ndiyo chakula kikuu katika njia hii. Chakula ni sukari. Samadi ni chanzo cha bakteria.
- Usimwite Pasteur daktari wa tiba. Alisomea kemia.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu. (alama 2)
2. Kwa kutoa mifano miwili kutoka kwenye kifungu, thibitisha kwamba Pasteur hakuridhika na jibu la nusunusu. (alama 4)
3. Pasteur alifanya jaribio gani kuhakikisha kwamba hewa ndiyo iliyoviua vijidudu vya butiriki? (alama 3)
4. Kwa nini samadi hupashwa moto kabla ya kutiwa kwenye maji ya sukari? (alama 2)
5. Gramu 90 za glukosi zikichachuka kwa mlinganyo uliotolewa, zitatoa lita ngapi za haidrojeni katika joto la chumba? (alama 3)
6. Taja dosari mbili za Pasteur, kisha ueleze funzo unalolipata kutokana na mojawapo. (alama 4)
7. Fupisha sehemu ya Urithi wake kwa maneno 80. (alama 7)

Kidokezo cha swali la 5: Gramu 90 ni nusu moli ya glukosi. Ukipata lita 24, umefaulu. Ukikosa, fanya kama Pasteur alivyofanya mwaka 1842: rudi mwanzo, ulifanye upya.